Duara la Wino Mkononi

Juzi muuguzi aliwachoma wafanyakazi wote wa nyumba ya wazee kisindano chini ya ngozi ya mkono, akazungushia kila tundu duara la wino, na leo amerudi kupima uvimbe. Anapoupapasa kwa kidole hufumba macho, kama fundi cherehani anayetafuta mshono uliofumuka, kisha ndipo huweka rula yake ya plastiki, iliyoanza kufutika namba. Wako wanaomwambia, "Mimi mzima, sikohoi." Huwajibu vilevile kila mara: "Kukohoa sijakuuliza. Natafuta vilivyolala." Maana vijidudu vya kifua kikuu huweza kulala mwilini miaka na miaka, na vikiamka humu ndani, wazee ndio watakaoumia.

Amebaki mpishi. Mara tatu ameitwa, mara tatu ana kazi. Muuguzi anamfuata jikoni, anamkuta kavaa sweta mbele ya jiko linalowaka, jasho linamchuruzika. Hamgombezi. Anavuta kigoda, anaketi kando ya sinki lililojaa sufuria.

"Osha tu, dada. Sina haraka."

"Nikikutwa navyo nitafukuzwa."

"Vikiwa vimelala humwambukizi mtu. Utameza dawa huku unapika. Anayetaka kukufukuza aanze na mimi, nilimeza hizohizo."

Mpishi anazitazama sufuria, kisha anakunja mkono wa sweta. Uvimbe upo. Duara nalo limekoza, halijafifia hata kidogo: siku mbili za kuosha vyombo, na kila lilipofutika alilichora upya mwenyewe.

Muuguzi anafumba macho.