Matundu ya Bati la Wegesa

Modestus alikuwa mtu wa kunyooka. Hata siku za mvua, barabara ya Nyarero ikiwa imegeuka uji, alifika ofisini na suti yake ya Kaunda imepigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo inasimama. Serikali ilimtoa kwao Bukoba ikamleta Tarime kuwa katibu kata, na kufikia mwaka wa themanini alikuwa amekwisha kuzoea ugali wa mtama, amejifunza kusalimia Kikurya kwa lafudhi ya kuchekesha watoto, na amejizoeza kupita mbali na nyumba moja. Nyumba hiyo ilikuwa ya Wegesa. Njia fupi ya kwenda zahanati ilipita mlangoni kwa bibi huyo, kwa hiyo Modestus alishika njia ndefu, na akiulizwa anasema anakagua shamba la kijiji.

Sababu aliijua mwenyewe, na kijiji kizima kiliijua. Mwaka ule wa Operesheni, watu walipotakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa, wa huku waligoma bila kelele: waliitikia ndiyo, kisha wakarudi kwao kulima. Modestus alikuwa bado kijana, ana hamu ya kusifiwa wilayani. Akatangaza mkutano kiwanjani. Njooni wote, wazee kwa watoto, ni kwa faida yenu, kuna unga wa msaada. Watu wakaja na vikapu. Yeye akihutubia, mgambo walikuwa kule nyuma wanabomoa.

Nyumba za nyasi ziliisha mara moja. Ya Wegesa ilikuwa ya bati, bati alizonunua marehemu mumewe kwa kiinua mgongo chake cha uaskari. Hizo waling'oa kwa mitaimbo, wakazirusha kwenye lori, wakaja kuzipigilia upya huku kijijini, popote msumari ulipokubali. Matundu ya misumari ya zamani yakabaki wazi, bati zima limekuwa chekeche. Bibi aliomba lami ya kuyazibia. Modestus akamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Sote tunajua maana ya neno hilo likitoka ofisini.

Basi mwaka huo wa themanini, mwezi wa pili, redio ikaanza kutangaza kwamba jua litapatwa. Sehemu nyingine za nchi litafunikwa lote; huku Mara litabaki kipande chembamba kama ukucha. Felista, nesi wa zahanati, akamfuata Modestus ofisini.

"Katibu, hicho kipande kilichobaki ndicho kibaya," alisema. "Mtu akiona kumefifia anadhani jua limepoa, analikodolea macho. Linamchoma kwa ndani na hasikii maumivu. Baadaye ndiyo anajua kwamba haoni. Na mimi dawa ya hiyo sina."

"Na kioo cha kupaka masizi? Wengine wanasema watatazama kwenye beseni la maji."

"Hapana. Vyote hapana. Walipe jua mgongo, au wakae ndani mpaka liishe."

Haki ya mtu tumpe: jambo hili Modestus alilishika kwa moyo. Aliomba maboksi matupu kwenye duka la ushirika, akayatoboa kwa sindano, akaonyesha shuleni jinsi mtu anavyolipa jua mgongo na kuacha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi, ili umbo la jua lionekane pale chini bila kulitazama lenyewe. Alizunguka nyumba kwa nyumba hadi sauti ikamkauka. Alitaka jicho la mtu hata mmoja lisiharibike. Lakini aliogopa ubishi wa majumbani, na akaamua kuwa ni afadhali awakusanye watu wote kiwanjani, yeye na Felista wawaone kwa pamoja. Akasimama na kipaza sauti, akatangaza. Njooni kiwanjani wote, wazee kwa watoto. Ni kwa faida yenu.

Maneno yaleyale! Yalimtoka laini kabisa na wala hakuyasikia. Anayehutubia kila siku hupatwa na uziwi wa namna hiyo.

Jumamosi yenyewe ikafika, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Modestus alikuta kiwanjani mtu mmoja tu, Nikolaus mwenyekiti wa kijiji, amekaa kwenye kigoda chake katikati ya goli.

"Watu wako wapi, mwenyekiti?"

Nikolaus alikuna kidevu. "Wako milangoni kwao. Wanalinda nyumba."

"Zisiguswe na nani?"

"Na wewe, katibu. Wanasema jua ni kisingizio. Wanasema safari hii mnataka kuwapeleka bondeni. Mimi mwenyewe nimemwacha mke wangu kule na fimbo."

Modestus alisimama na maboksi yake kwapani. Aibu ilimshika pale pale, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu aombe ardhi impe mlango. Miaka yote hiyo alidhani watu wamesahau kwa sababu wanamwamkia vizuri.

Hapakuwa na muda wa kusimama na aibu. Alikimbia kijijini, Felista nyuma yake. Waliyoyaona! Kila mtu nje, peupe, mapanga magotini, macho juu kwenye mapaa ya nyumba zao, na nyuma ya mapaa jua limekwisha kuliwa pembeni. Mwanga ulikuwa umeanza kuwa mgonjwa. Mzee mmoja alikuwa amekunja uso analitazama hasa. Felista akamvuta kofia hadi puani.

"Ingieni ndani!" Modestus alipaza sauti. "Nawaombeni jamani, ingieni ndani!"

"Tuingie ili mtubomolee tukiwa humo?" alimjibu mama mmoja, Rhobi, mwanawe mgongoni. "Mwaka ule mlituita nje, leo mnatutaka ndani. Amua moja, katibu."

Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Hapo ndipo Modestus alipoishika ile njia fupi aliyoikimbia miaka yote. Wegesa alikuwa mlangoni kwake anapukuchua mahindi, ameinamia ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea njia, mura, kijana wangu?"

"Bibi, nisaidie. Watapofuka na hawataki kunisikia. Wewe watakusikia."

"Kwa nini hawataki kukusikia?"

Bibi alikuwa anajua. Modestus alitazama ungo, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa asubuhi. "Kwa sababu niliwadanganya," alisema.

"Sema kwa nguvu. Masikio yangu yamezeeka."

"Niliwadanganya!" Ng'ambo ya njia Rhobi aligeuza kichwa, na wengine nao.

Wegesa aliweka ungo chini, akajikongoja kusimama. "Rhobi! Lete watoto. Waite na wenzako, mje wote kwangu. Kama ni kubomoa, ya kwangu alikwisha kubomoa, haitaki tena."

Wakaja. Walisita kwanza, kisha wakaja kwa makundi, kwa sababu Wegesa ndiye aliyepoteza kuliko wote, na kama yeye anaingia ndani nani abaki nje? Waliobanwa na nafasi wakaenda kwa jirani. Felista akafunga madirisha ya mbao, akasukuma mlango, akasimama mbele yake.

"Tazameni chini," alisema. "Msitazame juu kwenye matundu. Chini tu."

Na chini, kwenye sakafu ya udongo, jua lilikuwa limemwagika. Siyo moja. Kila tundu la msumari lilikuwa limeshusha jua lake, dogo, limeliwa upande, na yote yalikuwa yanakonda pamoja. Yalikuwa sakafuni, kitandani kwa bibi, kwenye vyungu, kwenye migongo ya watu. Watoto walikinga viganja na kuyashika. Rhobi alitandaza kanga yake ikajaa miezi michanga tele, akapiga kigelegele, akajiziba mdomo mwenyewe kama yuko kanisani.

Nje majogoo waliwika. Yale majua yakawa membamba kama kucha.

"Mama, mbona matundu ni mengi hivi?" Rhobi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni ya misumari ya zamani," Wegesa alisema. "Mvua ikinyesha nahamisha kitanda. Hapa, halafu pale, halafu pale. Pote panavuja."

Hakumtazama mtu. Watu ndio walimtazama Modestus. Alikuwa amebanwa ukutani, suti yake ya Kaunda imejaa matundu ya mwanga kuanzia kola hadi magotini, na kutoka hawezi, kwa sababu yeye ndiye aliyewakataza watu kutoka. Ikabidi asimame hivyo hivyo, kijiji kinamsoma, mpaka jua lilipojijaza tena.

Hakuna aliyeumia macho. Baadaye wilaya ilimpongeza kwenye kikao cha makatibu, wakamwomba aeleze mbinu aliyotumia. Modestus alisema waliingia ndani, akaketi upesi, na chai aliyopewa ikampoea mkononi.

Aliporudi alitafuta lami mwenyewe, akaazima ngazi ya Nikolaus, akavua shati, akapanda kwa Wegesa. Aliziba tangu asubuhi, kwa lami na vitambaa, mgongo unamwungua, na wapita njia wakasimama kumwangalia bila kumtania. Bibi alikaa ndani na kumwelekeza kwa kugonga bati na mpini wa jembe. Hapa. Na hapa. Likabaki moja, juu ya kitanda.

"Hilo liache," Wegesa alisema.

"Bibi, litakuvujia usingizini."

"Naweka bakuli. Wewe utahamishwa, atakuja mwingine. Siku akiniambia njoo kiwanjani, ni kwa faida yako, nataka niwe na mahali pa kutazama kwanza, nikumbuke."

Modestus aliinama juu ya bati la moto, kitambaa chenye lami mkononi. Kupitia tundu lile alimwona bibi kule chini, amekaa kitandani, anamngoja ajibu. Aliliacha tundu wazi. Akashuka ngazi polepole, akaanza kuosha mikono, na lami haikutoka.