Santuri ya Kisoko na Mdomo Wangu

Haya nayasema mwenyewe kabla Athieno hajawasimulia, maana yeye akisimulia lazima aongeze chumvi, na aibu hii haihitaji chumvi, inatosha ilivyo.

Mnajua saluni yangu hapa Busia haina redio. Ina mashine ya santuri, na mteja akishakaa chini ya draya hana pa kukimbilia, lazima nimpendekezee albamu. (Kusuka nasuka vizuri, lakini masikio ndiyo kipaji changu, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.) Nimewasikilizisha soul mpya ya yule dada anayeimba kama amelelewa kwenye kwaya ya kanisa, nimewaletea gitaa la jazz la zamani lililotolewa upya, lile mpigaji anagusa nyuzi mbili halafu ananyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakokupata. Lakini iliyonitia wazimu ni santuri ya mtu mmoja wa Kisoko, kule Tororo, Uganda, aliyerekodi Nairobi zamani sana, nyimbo zikapotea, na sasa wazungu wamezitoa upya. Sauti nzito, gitaa linajikokota, blues kabisa, tena kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. Sielewi neno hata moja na bado nililia nikiwa na chanuo mkononi. Miezi mitatu nikaisifia kwa kila kichwa kilichoingia. "Huyu mzee ameyaona maisha," nawaambia.

Siku moja Athieno, mteja wangu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, akaona jina kwenye jalada akanishika mkono. "Huyu ni bwana ya shangazi yangu. Alikufa hata miaka thelathini hajafika. Shangazi hajasikia sauti yake tangu wamzike, hana santuri hata moja. Jumamosi tunafanya kumbukumbu yake."

Ningempa tu aende nayo, mambo yaishe. Lakini mimi na sifa, nikaamua kwenda mwenyewe nikaitambulishe.

Basi Jumamosi nikavuka mpaka na mashine yangu kwenye boda boda, spika nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kisoko nikakuta mahema, ibada ndiyo inaisha, watu wamejaa, na katekista akanipa kipaza sauti (kosa lake hilo). Nikaongea, jamani, nikaongea. Nikaeleza blues ni nini, nikaeleza uzito wa sauti ya marehemu, nikaweka sindano juu ya santuri. Mjane, Mama Nyafwono, alikuwa mstari wa mbele na gauni lake jeupe la gomesi, mikono juu ya magoti. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyu hapana bwana yangu," akasema. "Maneno ni yake. Sauti hapana."

Na mimi, kipaza sauti bado mdomoni, nikamjibu, "Mama, ni miaka mingi. Masikio nayo huzeeka."

(Hebu fikirieni, mjane, nyumbani kwake, kaburi lile pale, na msusi kutoka Busia anamfundisha sauti ya mumewe.) Mama aliangalia chini tu, na hapo ndipo nikaona alikuwa ameingojea ile sauti kuliko mtu yeyote pale, na mimi nimemnyang'anya.

Katekista alikuwa amevaa miwani anasoma jalada, watu wa Mungu wana subira. "Dada, hapa nyuma wameandika arobaini na tano. Ni namba ya nini?"

Santuri zina mwendo: ndogo huzunguka mbio, mara arobaini na tano kwa dakika, kubwa huzunguka polepole, thelathini na tatu. Hii ilikuwa kubwa, kwa hiyo siku zote niliipiga kwa thelathini na tatu, sauti ikavutika ikawa nzito, na jalada lenyewe sikuligeuza. Machozi ya miezi mitatu yalikuwa ya kitufe cha mwendo.

Nikakibonyeza. Ikatoka sauti nyembamba, ya kijana, gitaa linakimbia, na katikati ya wimbo jamaa anacheka. Wazee wakainuka kucheza. Mama Nyafwono akafunika mdomo kwa kiganja. "Ni yeye," akasema. "Anacheka hivyo hivyo."

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe."

"Amka. Weka tena."

Nikaweka.

"Hapana hii. Ile ya kwanza, ya pole."

Nikadhani ananicheka, na nilistahili. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu. "Yeye alikufa kijana," akasema. "Ile ya pole, ndiyo angeimba leo, kama tungezeeka pamoja."

Nikarudisha kitufe. Tukasikiliza upande mzima, mama amefumba macho, na safari hii kipaza sauti nilikuwa nimemrudishia katekista.

Santuri niliiacha kwake pamoja na mashine, kwa hiyo msiniulize kwa nini saluni iko kimya siku hizi. Nikipata mashine nyingine nitaendelea kupendekeza, siwezi kuacha, ila nimeapa: nasoma jalada mbele na nyuma, naweka sindano, nafunga mdomo.