Dawa Isiyochemshwa

"Mavi yalianza lini kutibu kuhara? Mama Wambura, huyo Clementi anakuchezea!" Mwikwabe alikuwa anafoka pale mlangoni pa zizi, hapa kwetu Mugeta. "Ndama wangu amekufa, na bado unataka kumnywesha huyu!"

"Wako nilimuua mimi, Baba Wambura. Sio dawa."

Na kweli, mama mdogo Dafroza, mke wa Mwikwabe, hafichagi kitu. Miaka ile dukani hata sabuni hakuna. Ndama wanahara mpaka wanakufa, na vidonge ukivikuta Musoma vimeshapitwa na muda. Clementi, bwana mifugo wa Bunda, alisomea Urusi. Huko alifundishwa kuchukua mavi ya ndama aliyepona, anayakoroga na maji, anachuja mpaka yanabaki maji meupe yenye vidudu huwezi kuviona.

"Vinaingia ndani ya bakteria wa kuhara, vinazaana humo, vinampasua," alikuwaga anasema. "Ila viko hai, mama. Viweke kwenye baridi."

Sasa Dafroza, tangu kipindupindu kipite, alikuwaga anachemsha kila kitu, mpaka maji ya kunawa. Kitu kimetoka kwenye mavi, asichemshe? Akachemsha mpaka ikatokota. Vidudu vikafia sufuriani, ndama wa Mwikwabe naye akafa.

Huyu wa pili kuugua alikuwa jike, mtoto wa ng'ombe ambaye Dafroza alipewa na kaka yake. Kwenye boma lote Dafroza hana mali nyingine zaidi ya hao wawili. Ndama huyo alivyoanza kuhara, Dafroza alienda Bunda kwa miguu, Clementi akamwonyesha kosa lake, naye akarudi na chupa mpya ameizungushia kitambaa kibichi.

"Usimguse," Mwikwabe akasema.

"Huyu ni wangu."

Akambana ndama kwa magoti, akampa maziwa kidogo, halafu dawa, ya baridi vilevile. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Mwikwabe akinuna, anamnywesha. Majirani wakicheka, anamnywesha.

Kuhara kukapungua, mwisho kukakata. Ndama akaanza kumsumbua mama yake, anagonga kiwele kwa kichwa.

Mwikwabe akasimama anaangalia. "Angepona tu, hata bila hayo mavi yenu."

"Sawa. Na yule wako mwekundu ameanza kuhara tangu jana. Nimpe, nisimpe?"

Mwikwabe akakohoa, akaangalia barabarani.

"Mimi nimeitwa kule Guta, kuna kesi ya mpaka wa shamba," akasema, anatafuta fimbo yake. "Huyo mwekundu fanya unavyojua."

Akaondoka bila hata kunywa uji.