Waliokuja Kumtazama Mdogo Wangu Akisoma

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, na watu wengi hudhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Nilivunjikia ndani ya mtumbwi wa pombe. Kwetu Izigo ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, pamoja na nyasi, mpaka maji yake yatoke, ndipo zifanywe rubisi. Nilikuwa darasa la pili. Binti za jirani walikuwa wanatazama, nami nikakanyaga kwa mbwembwe, nikateleza, mguu ukabaki ndani na mwili ukaenda nje. Ile pombe ilinywewa vilevile, msidhani ilimwagwa.

Mzee mmoja aliyejua mambo ya mifupa akanifunga vijiti na kamba za migomba, akasema nilale nisitikisike. Nikalazwa sebuleni. Nyumba zetu za msonge hazikuwa na viti, tulitandika nyasi sakafuni, na mama alikuwa akileta nyasi mbichi kila wageni walipozidi. Na wageni walizidi. Walikuja asubuhi, walikuja jioni, wakakaa wakitafuna punje za kahawa iliyokaushwa, wakanisimulia habari za watu waliovunjika vibaya kuliko mimi na wakapona. Nasema kweli, sijapata tena maishani mwangu kufurahi vile. Wakati naanza kutembea wenzangu shuleni walikuwa wameshanipita, na baba akasema basi, huyu atabaki kwenye kibanja, kuna migomba ya kupaliliwa. Akaenda mdogo wangu badala yangu. Kwa hiyo hizi herufi ninazoandika ni za darasa la pili, mnivumilie.

Mdogo wangu alikuwa na kichwa. Akapita la nne, akaenda shule ya kati, akafika mpaka la nane, jambo ambalo wakati ule, baada ya ile vita ya pili, kwetu lilikuwa la watu wa kuhesabika. Baba hakuliona, alikuwa ameshafariki, na nyumba nilikuwa naishika mimi. Ulibaki mtihani mmoja, wa kuingia chuo cha ualimu. Ulikuwa unafanyiwa mjini Bukoba. Alishaujaribu mara moja akiwa na homa, akashindwa. Mkuu wa shule akamwombea ruhusa ya kuurudia, lakini akamwambia wazi kwamba hakuna mara ya tatu. Akishindwa tena ni kurudi kwenye jembe na mimi. Basi akaja nyumbani kusoma, akisubiri siku.

Siku za kwanza alisoma vizuri. Anakaa mlangoni penye mwanga, kitabu magotini. Mimi nikipita nampa pole kwa kazi, kwa maana ndiyo desturi yetu. Ukimkuta mtu analima, anasuka, anajenga, unamwambia wakola, yaani umefanya kazi, pole, na yeye lazima aitike. Asiyeitika ana kiburi. Mdogo wangu alikuwa akiitika.

Kisha mama akasema kanisani kwamba mwanawe ana mtihani mzito na amepungua mwili. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anaomba aombewe. Lakini kwetu ukishasikia kwamba mtu ana shida, humwachi peke yake. Kesho yake wakaanza kuja.

Walikuja kama walivyokuja kwangu nilipovunjika. Mama akatandika nyasi mpya, akatoa kahawa ya kutafuna. Wa kwanza alikuwa bibi jirani, ajuza asiye na meno, ambaye kahawa yake alikuwa akiimung'unya tu, na ambaye alimwita mdogo wangu mume wangu, utani wa bibi na mjukuu.

"Mume wangu," akasema, "ukiwa mwalimu utaoa mwenye meno, mimi utaniweka wapi?"

Watu wakacheka, naye mdogo wangu akacheka. Halafu akainamia kitabu. Hapo mzee mmoja akawaambia wengine wanyamaze, kijana anasoma. Wakanyamaza. Afadhali wasingenyamaza. Nyumba nzima ya watu, wamekaa kwenye nyasi wamemzunguka, kimya, macho yote kwake, taya zikitafuna taratibu. Akafunua ukurasa. Bibi jirani akasema, "Wakola." Na wote wakamfuata, wakola, wakola, mpaka yule aliyekaa mwisho karibu na mbuzi. Mdogo wangu akainua kichwa akawajibu mmoja mmoja, kwa heshima. Akarudi kwenye kitabu, akawa hajui alikuwa wapi, akaanza juu. Akafunua tena. Wakola.

Ikawa ndivyo kila siku. Niliona akianza kuogopa kufunua. Alikaa na ukurasa mmoja muda mrefu, kidole pembeni mwa karatasi, na wageni wakanong'onezana kwamba huo ukurasa kweli ni mgumu.

Mtaniuliza mbona sikuwafukuza. Nilijaribu kusimama njiani. Anakuja mtu na mkungu wa ndizi kichwani, ametoka ng'ambo ya bonde, jasho linamtoka, anasema nimekuja kumpa pole kijana wetu. Utamwambia nini? Utamwambia rudi na ndizi zako? Nilimpokea mkungu nikamwongoza ndani mwenyewe.

Nikafikiri nimjengee kibanda kule mwisho wa kibanja, chini ya migomba mikubwa, ambako hata kuku hawafiki. Nikakiezeka vizuri, nikamwekea na kigogo cha kukalia. Alikaa kule siku chache na nikamsikia akisoma kwa sauti, Kiingereza, sikuelewa hata neno lakini nilipenda kukisikia nikiwa napalilia. Bibi jirani akamkosa nyumbani. Akaja kwa mama akasimama uani akasema kwa sauti ya kusikika na nyumba nyingine, mnamficha porini kama mwenye ndui, amewakosea nini? Mama akaona haya. Jioni ile ile akamrudisha ndani, na wageni wakaongezeka, kwa sababu sasa walijua hali imekuwa mbaya.

Akaacha kula. Ndizi anaimega, anaizungusha kidoleni, anairudisha sahanini. Nywele za utosini alizing'oa kwa vidole bila kujua, pakawa na kipara kidogo kama cha mzee. Shangazi yetu wa Kagondo, aliyeolewa na Mwislamu wa mjini, akamletea kombe, maandishi ya Mungu yaliyoandikwa kwenye sahani yakaoshwa kwa maji, anywe. Mama yetu Mlutheri akaangalia pembeni, kisha akasema kunywa tu. Akanywa, akatapika. Siku nyingine akapita bwana shamba, ametoka kituo cha Maruku kukagua mibuni yetu, na yeye alishapita mitihani mingi, mama akamwomba ampe kijana moyo. Bwana shamba akavua kofia, akakaa kwenye nyasi, akafikiri sana. Akasema, mimi siku ya mtihani wangu nilisahau jina la baba yangu.  Akatafuna kahawa yake akaenda zake. Alikuwa mtu mzuri, mibuni aliyonionyesha namna ya kuikata bado inazaa.

Siku moja nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba amejishikilia kwenye mgomba.

"Kaka," akaniambia, "nikifunga macho nawaona wanatafuna."

 Mtu wa darasa la pili anamwambia nini mtu wa darasa la nane? Ningeweza kumlimia, kumbebea, kumpigania. Kumsomea sikuweza. Nikamwambia siku imekaribia, itapita. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwacha na mgomba wake.

Siku ikafika. Kijiji kizima kikatusindikiza mpaka barabarani kwenye lori la kahawa. Bibi jirani alibebwa mgongoni na mwanawe ili asikose. Kila mmoja akampa mkono, na kila mmoja akasema neno lile lile, naye akaitika, mpaka dereva akaanza kupiga honi. Ndani ya lori tulikaa juu ya magunia. Nilishika kifurushi cha ndizi za kuchoma alichofungiwa na mama kwenye jani, bado cha moto, nikakipakata mpaka Bukoba. Nilikuwa nashukuru. Nilijiambia, sasa amepata ukimya wake wa kweli, hapa hakuna anayemjua.

Pale mtihani ulipofanyiwa palikuwa na uwanja na mti wa mkaratusi, na vijana wengine wamesimama wawili wawili na kalamu mifukoni. Mzungu mmoja na karani walikuwa mlangoni. Karani akasema kengele ya kwanza ikilia waingie, ya pili mlango unafungwa. Tukasimama kando. Upepo wa ziwani ulikuwa unapuliza suruali yake, nikaona jinsi miguu ilivyobaki mifupa. Alikuwa ametulia, kuliko miezi yote ile. Akanitazama usoni, nikaona anangoja niseme kitu. Mimi ndiye mkubwa, baba hayupo, ni lazima niseme kitu. Nikakitafuta. Nilitafuta kweli, Mungu anajua. Kengele ya kwanza ikalia, vijana wakaanza kuingia, na mdomoni mwangu hakukuwa na neno lingine isipokuwa lile.

"Wakola, mdogo wangu," nikasema.

Akaitika. Aliitika vizuri, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Kisha akatoa kalamu mfukoni akaniwekea juu ya kifurushi cha ndizi, akaenda. Nilidhani anakwenda kujisaidia kabla ya kuingia, kwa hiyo sikumwita. Akaupita mlango bila kuingia, akampita karani, ambaye alimwangalia tu, akatoka kwenye uwanja na kushika barabara ya Kyaka, ile ambayo ukiifuata unafika Uganda. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayetoka shambani. Nikasimama kwa mguu wangu huu mfupi nikimwangalia, kifurushi mkononi, na kengele ya pili ikalia. Alipofika kwenye kona hakugeuka, na hakurudi tena.