Kulwa na Doto Kwenye Reli ya Mezani

Mzee Fridolin alibadilisha njia za treni stesheni ya Ifakara kwa miaka kumi na tisa bila treni mbili kugongana, na hilo alikusimulia hata kama umekwenda kwake kuazima jembe tu.

Mwaka 1996 daktari mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia treni ya kuchezea: reli ya kutandika mezani, vichwa viwili vinavyofanana kabisa, na kisanduku cha vitufe. Kila kichwa kilipewa namba. Ukibonyeza namba yake, kinaitika.

Mkewe, Mama Mbuke, aliviona tu akasema hao ni pacha, Kulwa na Doto. Kwao Usukumani pacha hawabaguliwi. Akipewa huyu, na yule apewe hichohicho. Fridolin, ambaye alimwogopa mkewe kuliko alivyowahi kumwogopa stesheni masta, akavipa vyote namba saba.

Hapo balaa likaanza. Alipomwamuru Kulwa aondoke, Doto naye alichomoka njia ya pembeni, wakavaana uso kwa uso. Fridolin akasugua reli kwa spiriti, akabadilisha nyaya, akawalaumu sisimizi, kisha akanilaumu mimi jirani yake kwa kupiga pasi. Siku mbili, ajali kumi na moja. Na Jumapili Mzee Maximilian, stesheni masta mstaafu aliyewahi kumwandikia Fridolin barua ya kumsifu kwa miaka yake bila ajali, alikuwa anakuja kwake kula. Fridolin alikonda kwa aibu.

Jumamosi nilichoka naye. "Ukiita saba, anaitika nani?" nikamuuliza.

Akatazama kisanduku, kisha vile vichwa viwili. "Wote wawili," akasema, na nilimwonea huruma kweli.

Doto akawa nane. Mama Mbuke alinuna, lakini akakubali kwa sharti moja: pacha wasizidiane safari.

Jumapili Kulwa alizunguka mara tatu, Doto mara mbili, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Mzee Maximilian alikuwa anampa Fridolin mkono wa hongera umeme ulipokatika. Mama Mbuke akafunika sufuria ya wali. Doto alikuwa anadai safari moja, akasema, na hapakuwa na mtu wa kula kabla hajaipata.

Tulisubiri. Kambale akapoa. Mwishowe Mzee Maximilian akavua koti, akamsukuma Doto kwa kidole kuzunguka reli nzima, huku akipiga honi kwa mdomo. Fridolin akasimama wima, akampungia bendera ya kijani. Ndipo tukala.