Nyumba Yetu, Mchanga Wao

Mume wangu alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyotutia mashakani. Nalisema hili waziwazi. Mungu amrehemu, nilimwambia hivi hivi akiwa hai, tena si mara moja.

Miaka michache kabla ya uhuru tulikuwa tumepanga chumba Changamwe, yeye akifanya kazi bandarini. Mamangu tulikaa naye, macho yake yalikwisha kuzimika. Mwenye nyumba alikuwa na mdomo, Mungu apishe mbali! Ukikaanga samaki, neno. Mama akikohoa, neno: "Huyo bibi atanifukuzia wapangaji." Mamangu maisha yake yote alikuwa mtu wa kuhamishwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na ombi lake lilikuwa moja tu.

"Mwanangu, nipeleke mahali pasipo mtu wa kuniambia toka. Nife nikiwa kwangu."

Nikamwahidi. Nikavua bangili zangu za harusi, nikampa mume wangu auze, atafute nyumba.

Akaipata Likoni. Muuzaji alikuwa mzee aliyekuwa akiswali naye msikiti mmoja. Nyumba ya udongo na makuti, vyumba vya kutosha, ua mpana wenye minazi. Mume wangu alirudi uso unameremeta.

"Ardhi ya nani?" nikamuuliza.

Maana kwetu pwani hata mtoto anajua kuwa nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Ukuta waweza kuwa wako, mchanga wa mwingine, na mnazi uliosimama mlangoni ukawa wa mtu wa tatu aliyeurithi kwa babu yake. Si siri hiyo. Mume wangu alizaliwa huku huku, aliyajua hayo kuliko mimi.

"Sikumuuliza," akasema. "Mtu amenipa kahawa, amenipa haluwa, amenikalisha barazani kwake mbele ya watu. Leo nimuulize mchanga wa nani? Si kumwita mwizi huko?"

"Basi niache mimi nipite mlango wa uani nikamuulize mkewe."

"Utaniaibisha! Mzee mwenyewe amesema, yote ni yako, karibu. Fatiha imekwisha kusomwa, mke wangu. Yamekwisha."

Yamekwisha! Wallahi, watu wa pwani haya zitatuua. Mtu akinunua kitambaa cha kanzu atakivuta, atakinusa, atakitoa nje akitazame juani. Akinunua nyumba, anaona haya kuuliza!

Tukahamia. Mama akapapasa kuta zote, chumba kwa chumba, akasema alhamdulillahi. Kisha asubuhi moja namkogesha uani, kwenye kile kibanda cha makuti kisicho na paa, nikasikia sauti juu ya vichwa vyetu.

"Hodi huku! Jifunikeni, akina mama, napanda!"

Natazama, mgema huyo, kisu kiunoni, kibuyu begani, yuko nusu ya mnazi, anakwenda kugema tembo. Tembo! Uani kwa Waislamu! Nikamtupia mama kanga, nikamtukana yule mtu matusi ambayo hata sijui niliyajulia wapi.

"Mama, usinitukane," akanijibu kwa upole, amekumbatia mnazi wake. "Minazi hii ni yangu, kaniachia babangu. Nyinyi mna nyumba tu. Na mchanga nao una mwenyewe, mtamwona."

Mama akacheka ndani ya kanga. "Minazi na waichukue," akasema. "Mradi hakuna wa kunitoa."

Mwenye mchanga hatukumwona, tulimwona msimamizi wake. Akatueleza kuwa kiwanja kina kodi, na kwamba simiti hairuhusiwi, wala mawe, wala bati. "Makuti tu," akasema. "Kitu kisichong'oka hatukitaki hapa." Na mume wangu je? Akamkaribisha kahawa! Nilitamani niimwage njiani ile kahawa, birika na vikombe vyake.

Yule mzee muuzaji alipofuatwa alishangaa kweli kweli. "Mbona hukuniuliza? Ungeniuliza ningekwambia." Na kilichonichoma zaidi ni kuwa alikuwa akisema kweli.

Tangu hapo roho yangu ikawa juu juu. Kila hodi nadhani ni msimamizi. Dawa yangu ikawa kinu. Nilitwanga mpunga, nikatwanga mahindi, nikatwanga hata visivyohitaji kutwangwa.

"Unamtwanga nani leo?" mama huniuliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Mkweo."

"Mtwange polepole, ndiye huyo huyo tuliye naye."

Mwaka wa uhuru ukaingia. Watu wanaimba kwenye feri, vibendera mikononi, na msimamizi akarudi. Ardhi imeuzwa, mwenyewe mpya anaitaka ikiwa tupu. "Nyumba ni yenu," akatuambia, tena kwa heshima. "Hakuna anayewanyang'anya. Ichukueni."

Ichukueni! Ehe, nyumba ya udongo utaichukuaje? Tuling'oa milango, tukang'oa boriti, tukazifunga kwenye mkokoteni. Ukuta ulibaki chini, kifusi. Mama alikuwa amekaa pale pale palipokuwa chumba chake, jua linampiga utosini.

"Nani sasa aliyesema toka?" akauliza.

Baadaye sana tulipata kiwanja Kisauni. Safari hiyo nilikwenda mimi, nikapita mlango wa mbele, nikamuuliza muuzaji mbele ya watu wake: ukuta wa nani, mchanga wa nani, mti wa nani? Akanuna. Akasema mwanamke huyu hana adabu. Nikamwambia sina, nijibu. Na leo yeyote anayetaka kununua nyumba nampa dawa hiyo hiyo: usinunue kwa sababu umechoka kutukanwa, na ukikaribishwa kahawa, uliza kwanza ndipo unywe.

Lakini mama hakuiona Kisauni. Kutoka Likoni tulirudi Changamwe, kwa mwenye nyumba yule yule, kwa kuwa hatukupata pengine, na ndimo alimofia, katika chumba cha kupanga. Bado amelazwa ndani, wanawake wamejaa mikekani wanalia, mwenye nyumba akasimama mlangoni. Nilidhani amekuja kutupa pole.

"Mtamtoa saa ngapi?" akauliza. "Watu wanataka kupita hapa."

Nikamtazama mume wangu. Nilimngoja aseme neno, lolote, japo mara moja tu maishani mwake.

"Baada ya adhuhuri, inshallah," akasema mume wangu. "Karibu kahawa."