Kaka Yake Bibi Katika Picha ya Mpiga Tarumbeta

Picha ile niliichora kwa ajili ya maonyesho ya sanaa mjini Nizwa. Nilimchagua mpiga tarumbeta wa Ghana, mmoja wa waanzilishi wa hailaifu, muziki wa dansi ambao marehemu baba alikuwa akiusikiliza garini tangu sijaanza shule. Nilikuwa na picha moja tu ya zamani ya mtu huyo, imefifia, kofia imemtia kivuli usoni. Macho nikayabuni mwenyewe.

Niliiegemeza sebuleni, nyumbani kwetu Ibra, rangi ikauke. Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja akavuka bahari kuja nchi hii ya Waarabu angali kijana, alitoka kuswali alasiri akasimama mbele yake.

"Umemwona wapi kaka yangu?"

"Bibi, huyo mtu wa Ghana."

"Macho hayo yatanipotea mie? Wallahi ni yeye."

Kaka yake alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya mjini Unguja. Wakati wa mapinduzi alitoka asubuhi kwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa, hakurudi, wala hakuna aliyemzika. Hata picha yake haikubaki. Mimi sijapata kumwona.

Toka siku ile bibi akahamia sebuleni. Mama alinong'ona kwamba picha ya kiumbe haifai kukaa nyumba inayoswaliwa, lakini hakuthubutu kuitoa. Tukiwa jikoni tulimsikia bibi akizungumza, akinyamaza, akicheka kidogo, kama mtu anayejibiwa. Mimi niliyeichora nikawa napita pale nimeinamisha kichwa.

Siku ya kuipeleka Nizwa aliifunika kwa kanga yake.

"Endesha taratibu. Milima hii hajaizoea."

Maonyesho yalikwisha salama. Watu waliisifu sana ile tarumbeta. Niliporudi nayo, bibi aliifunua mwenyewe, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Si kaka yako, bibi? Ndiye yule yule."

"Huyu mtu mwingine. Macho si yake." Akanishika mkono. "Mwanangu, umemshusha wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikumshusha mtu. Lakini njiani nilisimama Mudhaibi kununua maji, na niliporudi garini niliukuta mlango wa nyuma u wazi.

Picha iko chumbani kwangu sasa, imeelekezwa uso ukutani. Bibi bado hukaa sebuleni. Gari lolote likipunguza mwendo nje, huinua kichwa.